Namna ya Kusema Kweli Wakati wa Kashfa ya Ufisadi: Mwongozo kwa Vijana

Katika Kiswahili neno kashfa lina sura mbili, na kijana anayetaka kusema kweli kuhusu fedha za umma zilizoliwa anapaswa kuzijua zote mbili kabla hajafungua kinywa. Kwa sura ya kwanza, kashfa ni aibu ya wakubwa inayofichuka: zabuni iliyotolewa kwa kujuana, mradi hewa, mishahara ya wafanyakazi wasiokuwepo. Kwa sura ya pili, kashfa ni jambo unaloweza kushtakiwa nalo wewe mwenyewe, kwa kumvunjia mtu heshima kwa maneno usiyoweza kuyathibitisha. Aliyekula fedha anapoguswa hukimbilia hiyo ya pili, na mara nyingi hupona kwa sababu waliomsema walisema kuliko walichokuwa nacho mkononi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi, na sehemu ndogo inahusu mabango.

Fedha ya serikali haitoki bila kuacha nyayo. Huanzia kwenye bajeti, ikapita kwenye tangazo la zabuni, mkataba, hati za malipo na cheti cha kukamilika kwa kazi, na mwisho ikaangukia kwenye ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali. Usisome waraka mmoja peke yake. Soma mahali nyaraka mbili zinapokutana, kwa kuwa wizi hujificha kwenye maungio. Je, malipo yalifanywa kabla ya mkataba kutiwa saini? Je, kampuni iliyoshinda ilisajiliwa wiki chache kabla ya zabuni kutangazwa? Je, kazi moja imekatwa vipande vipande ili kila kipande kibaki chini ya kiwango kinacholazimisha ushindani? Maswali haya hayahitaji shahada ya uhasibu. Yanahitaji kalamu, daftari la kuandikia tarehe kwa mfuatano, na uvumilivu wa kusoma kurasa ambazo ziliandikwa ili zisisomwe.

Nchi zaidi ya 100 zina sheria ya kumpa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na vijana wengi hawajawahi kuitumia hata mara moja. Andika barua fupi inayotaja waraka unaoutaka kwa jina lake, kwa mfano mkataba wa mradi fulani na hati zake za malipo, badala ya kuomba “taarifa zote za ufisadi”, ombi ambalo ofisa yeyote atalitupa bila kujisumbua. Ipeleke ikiwa na nakala mbili, na usiondoke pale masjala kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri huo ni ushahidi pia: ukinyimwa jibu, kunyimwa kwenyewe kunakuwa habari unayoweza kuithibitisha.

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba mkataba unataja madarasa sita na cheti kinasema yote sita yamekabidhiwa. Nendeni mkahesabu. Pigeni picha ya kwanza kutoka mbali ili mazingira yatambulike, kisha za karibu, na watu wawili waandike walichokiona kila mmoja peke yake kabla hawajazungumza. Mmekuta manne. Sasa ndipo kazi ngumu inapoanza, nayo ni ya kuandika sentensi. “Waziri amekula fedha za madarasa” ni sentensi tamu, itasambaa haraka, na hamna ushahidi nayo: hamjui ni waziri, mkandarasi au ofisa wa chini, na hamjui kama fedha zimeliwa au zimekwama. Andikeni hivi: “Mkataba unataja madarasa sita. Cheti cha kukamilika kinasema sita yamekabidhiwa. Tulipofika tulihesabu manne. Tumeiuliza wizara mawili mengine yako wapi.” Hakuna tusi ndani yake, na mtu aliyehesabu ni vigumu kumwita mzushi. Msomaji atamaliza hesabu mwenyewe, na hitimisho alilolifikia mwenyewe halimtoki upesi.

Kabla ya kutangaza, mpe anayetajwa nafasi ya kujibu na umwekee siku ya mwisho. Wapo wanaoona kwamba huko ni kumwonya mwizi, lakini mimi naona faida yake ni kubwa kuliko hasara. Jibu lake linaweza kukuokoa na kosa, na uongo wake, ukiwa wa maandishi, utakuwa karatasi nyingine ya kulinganisha na zile za mwanzo.

Nyaraka za kuvuja zinahitaji tahadhari ya pekee. Wakati wa kashfa husambazwa barua za kughushi kwa makusudi, ili vijana wazidake, kisha zikanushwe, na pamoja nazo ukanushwe hata ule ukweli mliokuwa nao. Angalia namba ya kumbukumbu, angalia kama aliyetia saini alikuwa kweli kwenye cheo hicho siku hiyo, na tafuta chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza. Ukiridhika kwamba waraka ni halisi, mfikirie aliyekupa kabla ya kujifikiria wewe. Printa nyingi za leza za rangi huacha kwenye kila ukurasa nukta ndogo za njano zisizoonekana kwa macho, zinazoweza kutaja namba ya mashine na saa ya kuchapwa. Picha ya simu nayo huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Kwa hiyo usichapishe nakala ya waraka kama ulivyoipokea, bali nukuu maneno yanayohitajika, na asili uitunze mahali salama kwa ajili ya wakili au mahakama.

Kuhusu ulinzi wa kisheria, jueni mlichonacho bila kujidanganya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa tarehe 31 Oktoba 2003 na kuanza kutumika tarehe 14 Desemba 2005, unazitaka nchi wanachama, katika kifungu cha 13, zichukue hatua za kuhimiza ushiriki wa watu na vikundi vilivyo nje ya serikali. Kifungu cha 33, kinachowahusu watoa taarifa, kinazitaka tu zifikirie kuweka ulinzi huo, na kitenzi hicho ni dhaifu. Someni sheria ya nchi yenu, na muwe na namba ya wakili kabla ya siku ya kumhitaji.

Anzeni na kile mnachokiona kwa karibu kuliko mtu mwingine. Mwaka 2016, huko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, wanafunzi wa chuo kikuu cha wanawake cha Ewha waliandamana kupinga mpango wa ndani wa chuo chao. Baadaye yakafichuka mapendeleo aliyopewa mwanafunzi mmoja katika kudahiliwa na kupewa alama, naye alikuwa binti wa rafiki wa karibu wa Rais Park Geun-hye. Mkuu wa chuo alijiuzulu mwezi Oktoba, watu wakajaa mitaani na mishumaa Jumamosi baada ya Jumamosi, na tarehe 10 Machi 2017 Mahakama ya Katiba ikamwondoa rais madarakani. Mahudhurio na alama za darasani ni mambo ambayo mwanafunzi anayajua kuliko mwandishi yeyote wa habari.

Mkichangishana fedha za nauli au za kuchapa vipeperushi, wekeni risiti zote na tangazeni hesabu kila wiki, hata kama ni fedha ndogo za kuchekesha. Mwanasiasa wa upande wa pili atakuja na fulana na mabasi. Mkizipokea, hoja yenu itakuwa yake kabla jua halijazama. Mkikosea, sahihisheni palepale mlipokosea, kwa ukubwa uleule, na msifute kimyakimya.

Kashfa nyingi hazizimwi na majibu, huzimwa na uchovu wa wanaouliza. Andikeni kwenye kalenda siku ya kikao cha kamati ya bunge ya hesabu za serikali, siku ya kutajwa kwa kesi, na siku ambayo wizara iliahidi kujibu. Siku hiyo ikipita, pelekeni barua ya pili yenye swali lilelile, neno kwa neno, ikitaja tarehe ya barua ya kwanza na mhuri ulioipokea, kisha itangazeni pamoja na idadi ya siku zilizopita bila jibu.