Kununua DSLR iliyotumika kwa kazi za shughuli: pesa iende kwenye lenzi

Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless), na wapiga picha wengi wanauza vifaa vya DSLR, yaani kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani, ili wahamie huko. Ndiyo maana lenzi nzuri za DSLR zilizotumika zimeshuka bei. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupiga harusi, sendofu, ubatizo na mahafali bila kuchukua mkopo.

Hatua ya 1: Gawanya pesa kabla ya kwenda dukani

Tenga nusu au zaidi kwa ajili ya lenzi. Ondoa ya flashi, betri ya pili na kadi mbili. Inayobaki ndiyo ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Wengi hufanya kinyume: bodi mpya inayong'aa na lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo kwenye boksi. Usiku ukumbini picha zinajaa chenga, na lawama inaangukia kamera. Lenzi hiyo ukiivuta hadi 55mm haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, kwa hiyo mahali ulipolazimika kupanda hadi ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kuikuza nuru, na ikipanda chenga huongezeka), hii inatosheka na takriban ISO 640 kwa kasi ileile ya shata, yaani pazia linalofunguka kupiga picha. Tofauti kubwa kiasi hicho huipati kwa kubadilisha bodi.

Hatua ya 2: Chagua kampuni ukijua mitego yake

Lenzi za Canon EF, zilizoanza 1987, zina mota ya fokasi ndani yake na hukaa kwenye DSLR yoyote ya Canon EOS. Zile za EF-S ni za bodi zenye sensa (kinasa picha) ndogo pekee. Kwenye fulu fremu, yaani bodi zenye sensa kubwa kama 6D, hazikai kabisa.

Kwa Nikon, mtego uko kwenye mota. Bodi za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600 hazina mota ya fokasi. Ukizifunga lenzi ya AF 50mm f/1.8D, ambayo huuzwa rahisi, utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, au nunua bodi ya D7100, D7200 au D750 zenye mota yake.

Kumbuka pia kwamba sensa ndogo hubana mwonekano: 50mm inakuwa kama 80mm kwenye Canon na 75mm kwenye Nikon. Inafaa kwa sura ya mtu. Kwa familia nzima kwenye sebule ndogo utagonga ukuta kwa mgongo.

Hatua ya 3: Bodi

Kwa picha za mnato, D7200 ya 2015 bado ni ununuzi bora sana: ina nafasi mbili za kadi, na kwenye harusi hilo ni bima. Ukipiga na video, chukua Canon 70D au 80D, kwa sababu fokasi yake ya kwenye skrini hufuata mtu vizuri, jambo ambalo DSLR za Nikon za wakati huo haziwezi.

Ziko za kuepuka. Canon 4000D imewekewa kishikio cha lenzi cha plastiki. Nikon D3400 na D3500 hazina tundu la maikrofoni. Canon 250D ni nzuri, ila haina pini ya katikati pale inapopachikwa flashi, hivyo flashi nyingi za bei rahisi, na triga za kuziwasha kwa mbali, hazitawaka.

Majina yasikuchanganye. Canon 800D iliuzwa Marekani kama Rebel T7i na Japani kama Kiss X9i. Kamera ni ileile. Fungua menyu ya lugha kabla ya kulipa, maana baadhi ya kamera za soko la Japani hazina Kiingereza.

Sasa ipime. Piga picha moja ya JPEG na uisome kwa programu ya kuhesabu shata. Nikon huandika hesabu ndani ya picha; Canon nyingi zinahitaji kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Usikubali picha iliyotumwa kwa WhatsApp, kwa sababu data hizo hufutwa njiani. Shata ya D7200 imepimwa kwa mipigo 150,000, ya 80D kwa 100,000. Harusi moja inaweza kula 1,000, kwa hiyo piga hesabu ya umri uliobaki.

Weka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha. Madoa meusi ni vumbi la sensa na husafishika. Mstari usiotoka ni mkwaruzo. Achana nayo.

Hatua ya 4: Lenzi

Hapa usiwe na haraka. Washa tochi ya simu, ipitishe kutoka nyuma ya lenzi, kisha chungulia kwa mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, tatizo la kawaida kwa lenzi zilizokaa Dar, Mombasa au Zanzibar. Fangasi hula rangi maalumu iliyopakwa kwenye kioo, na hata fundi akisafisha, alama zinaweza kubaki. Punje chache za vumbi hazina neno. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma huharibu picha kuliko wa mbele.

Kisha piga kwa f/8, si kwa f/1.8 peke yake. Waya mwembamba wa kuendesha tundu la mwanga ukikatika, lenzi hupiga vizuri ikiwa wazi kabisa lakini kamera huleta kosa ukiibana. Muuzaji mjanja atakuonyesha ikiwa wazi tu.

Bandika gazeti ukutani, simama sawa nalo, piga lenzi ikiwa wazi, halafu linganisha pembe nne. Pembe moja ikififia kuliko nyingine, lenzi hiyo huenda ilidondoka.

Cha kununua: anza na 50mm f/1.8, ile ya STM kwa Canon na ya AF-S G kwa Nikon. Kwa Nikon yenye sensa ndogo, 35mm f/1.8G DX inafaa zaidi ndani ya nyumba. Ya pili iwe 17-50mm f/2.8 ya Tamron au Sigma. Hiyo ndiyo itakayokulipa, kwani haibadiliki kuwa f/5.6 ukiivuta. Lenzi ya kupiga mbali subiri; azima kwa kukodi siku ya kazi ukiihitaji.

Hatua ya 5: Uhifadhi

Tia vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Mkoba wa kamera hunyonya unyevu, hivyo usilaze lenzi humo baada ya shughuli ya ufukweni. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa moto mdogo na uirudishe.