Jinsi ya kumwandika askari mpenzi wa Yukon

Ukimwandika katika hadithi ya mapenzi askari wa North-West Mounted Police (polisi wa farasi) kule Yukon, Kanada, anza na mbwa, bastola baadaye. Mimi humpa sleji (chombo cha kuteleza thelujini) ya kuvutwa na mbwa pamoja na mfuko wa barua, maana doria za polisi hao kati ya vituo vya Dawson na Fort McPherson zilibeba barua kweli. Mapenzi yaingie hapo: barua ya mpenzi wake imo mfukoni, mfuko umepigwa lakiri. Mwache ateseke njia nzima!

Baridi ionekane mwilini, pumzi igande kwenye masharubu. Njaa pia: mwaka 1911 doria ya Inspekta Fitzgerald wa polisi hao ilipotea, wakala mbwa wao, wote wanne wakafa.

Mwanamke naye mpe kazi, kama Belinda Mulrooney aliyefungua hoteli Dawson 1898, na sababu nzito ya kukataa posa.