Mtoto kanyamaza skuli? Kabla hujalipa tuisheni, fanya hivi

Huku Malindi Kitaliano tumekizoea, bichi boi anakiongea, muuza samaki anakiongea, mpaka dereva wa tuktuk ana maneno yake mawili matatu, kwa hivo mtu akipeleka mtoto kwa skuli ya kimataifa ya lugha mbili, Kizungu asubuhi Kitaliano mchana, anaona ni mteremko tu. Mie pia nliona hivo. Kufika muhula wa pili nikaitwa nikaambiwa mwanangu haongei darasani, na huyu ni mtoto ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa na hamri mdomoni, atafutiwe tuisheni. Nikalipa. Kilichobadilika ni pesa zangu na usingizi wake. Saa hizi mie mwenyewe nasaidia darasani watoto kama hao na la kwanza nalomwambia mzazi ni hili, usilipe chochote mpaka ujue shida ni lugha, ni kusoma kwenyewe, au ni roho, yaani kuna kinachomuumiza moyoni, manake dawa zake hazifanani.

Anza na macho na masikio, mpeleke akapimwe. Najua inaonekana jambo dogo, lakini mtoto asoona ubaoni vizuri au mwenye sikio limeziba anaonekana mzito tu, na kwa lugha ngeni ndo zaidi, kwa lugha yake angebahatisha neno lililompita, kwa hii mpya hawezi.

Halafu huo ukimya. Mtoto anayeingizwa kwa lugha mpya wengi wananyamaza wiki kadhaa, wengine miezi, anasikiliza anaweka akiba. Usimlazimishe aongee mbele ya wageni, ukimwambia "hebu msemeshe mjomba Kitaliano" ndo unamfunga kabisa. Cha kuangalia ni hiki: je, wakati wa kucheza na wenzake wa Kiswahili anaongea? Akiongea na wao, mpe muda. Kama hata Kiswahili hakimtoki akifika getini, na miezi yapita, hapo muone mshauri wa skuli, hiyo sio lugha tena.

Sasa kusoma. Kaa naye jioni, simu weka mbali, mpe kitabu cha Kiswahili cha kiwango chake kwanza, halafu cha Kizungu, halafu cha Kitaliano, na uandike makosa yake vile anavyotamka. Ntakupa mfano. Mtoto mmoja alipelekwa aangaliwe eti ana tatizo la kusoma, akiona neno la Kitaliano "chiave" asoma "chi" kama ya chikichi, wakati Wataliano wasema "kiave". Akiona "knife" ya Kizungu asoma "knaife", herufi zote, haachi hata moja. Huyo mtoto hana ugonjwa wowote jamani, anatumia sheria za Kiswahili, na anazitumia vizuri sana! Kosa lenye sheria linafundishika kwa wiki chache. Wa kuangaliwa ni yule ambaye hata Kiswahili, ambacho chasomwa vile kilivyoandikwa, amefundishwa kitambo na bado anakokota silabi moja moja, mstari wampotea, neno alilosoma mstari wa juu, akifika wa chini halijui tena. Disleksia, ndo hilo tatizo la kusoma lenyewe, haichagui lugha, ikiwepo iko kwa zote, ila kwa Kiswahili na Kitaliano mara nyingi utaiona kwa ukokotaji kuliko makosa, kwa Kizungu ndo makosa yanamwagika. Ukiona hivo, omba apimwe. Serikali ina vituo vyake vya kupima watoto, EARC, vipo tangu 1984, ulizia ofisi ya elimu, sio lazima ungoje mtaalamu wa pesa nyingi kutoka Nairobi.

Na kama shida ni lugha tu, punguza presha. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, ambaye mambo haya ameyaandika tangu 1979, anasema lugha ya kuongea na wenzako yachukua kama miaka miwili, lugha ya vitabu na mtihani ni mitano mpaka saba. Kwa hivo ukimsikia apiga domo Kizungu safi na wenzake halafu sayansi apata kidogo, usimwite mvivu.

Kuna ushauri mwingine hupewa, eti nyumbani acheni Kiswahili muongee Kizungu. Mie nakataa. Mama mmoja jirani yangu mtaani Muyeye alijaribu, na Kizungu chake ni cha kubabaisha kama changu, basi mazungumzo yote na mwanawe yakageuka amri, kam, iti, slipu, hadithi zikakwisha, utani ukakwisha, mtoto akawa hamwambii kitu. Mueleze somo kwa Kiswahili, akilishika kwa Kiswahili kule skuli atatafuta maneno tu, maana ashaipata.

La roho ndo gumu kuliona. Tumbo linaloumwa kila Jumapili usiku na Jumamosi lipo sawa, chakula kinachorudi kama kilivyokwenda, mtoto anayekwambia umshushe na tuktuk mbali na geti wasikuone. Huyo wa geti alikuwa wangu. Usimuulize "leo umesoma nini", utajibiwa "hakuna". Uliza "brek ulicheza na nani", na jibu likiwa "peke yangu" wiki nzima, peleka hilo skuli. Kama kuna mtu anayemuumiza na hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, usiku na mchana. Halafu hesabu masaa yake: skuli, chuo kwa maalim, tuisheni, homuweki, yote hayo kwa mtoto wa miaka minane ambaye wa umri wake ahitaji masaa 9 mpaka 12 ya kulala. Chuo sikwambii ukitoe. Tuisheni nakwambia.

Ukienda kuonana na ticha, nenda na daftari la wiki mbili lenye hayo uliyoandika, usiende na "naona hayuko sawa". Na tafadhali usimtumie mtoto kuwa mkalimani. Mie nlifanya hivo mara moja, ticha akaongea dakika tano uso umekunja, mwanangu akanigeukia akasema "asema niko poa". Chukua mtu mzima. Uliza nani hasa atamsaidia, mara ngapi kwa wiki, na atatolewa kwa somo gani, manake hupenda kuwatoa saa ya michezo au kuchora, na pengine hapo ndo pahali pekee anapong'aa siku nzima, kataa. Uliza pia kama ataongezewa muda wa mtihani. Wakikubaliana kitu waandike, wewe upewe nakala, na kabla hujainuka kitini mpange tarehe ya kurudi, wiki sita hivi. Usipotaja tarehe wewe, hawakuiti mpaka siku ya ripoti.