SOMO: Kupima ukinzani wa utando wa chembe ndani ya uga wa sumaku

Wiki hii nimeulizwa jambo hilihili mara nne. Naliandika hapa, ukikwama urudi kusoma.

Nazungumzia utando mwembamba wa chembe za kobalti ndani ya silika (oksidi ya silikoni), chembe zikiwa hazijagusana. Silika ni kihami, haipitishi umeme; elektroni huipenya kutoka chembe hadi chembe.

1. Shika sampuli kwa koleo, si kwa vidole.

2. Tumia ncha nne za kupimia. Mkondo upite za nje, volti isomwe za ndani. Ukitumia mbili unapima na ukinzani wa migusano.

3. Mkondo uwe mdogo. Ugeuze upande, upime tena, uchukue wastani.

4. JOTO. Mara yangu ya kwanza ukinzani ulishuka asilimia 3 nilipopandisha uga. Nikachora grafu, nikampelekea msimamizi. Akauliza: ukizima sumaku, namba inarudi? Haikurudi. Koili ya sumaku ilikuwa ya moto haishikiki, na utando huu ukipata joto ukinzani wake hushuka, kinyume cha waya wa shaba. Nilikuwa nimepima joto. Basi: kipimajoto kikae kando ya sampuli, maji ya kupoza koili yawe wazi kabla hujawasha, na uga uende chanya hadi hasi kisha urudi. Mchoro usipolingana pande zote mbili, usiuamini.

MASWALI

— Mkuu, nipe namba ya kawaida nijaze ripoti.
Sikupi. Pima.

— Kila siku napata jibu tofauti, multimita mbovu?
Ncha ngapi?
— Mbili.
Hatua ya 2.

— Mwalimu, kwa nini uga ushushe ukinzani?
Swali zuri, dada. Elektroni ina spini, yaani ni kama kisumaku kidogo chenye upande wake. Chembe jirani zikielekea upande mmoja kisumaku, elektroni hupata nafasi nyingi za kutua ng'ambo. Zikipishana, nafasi hupungua. Uga huzipanga. Kwa utando wa chembe za nikeli, wanafizikia Helman na Abeles walilieleza hili mwaka 1976. Ukipata nitrojeni oevu, pima ukishuka hadi kelvini 77, uchore logi ya ukinzani dhidi ya 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha halijoto. Mara nyingi mstari hunyooka. Niletee tuutazame pamoja.

— Gundi ya fedha ya kushikia nyaya kwenye utando inanibanduka.
Jaribu indiamu, metali laini. Kata kipande kama punje ya mtama, kibonyeze juu ya utando kwa kijiti kisafi. Hakihitaji moto.