Pima Mfuko Kwanza: Namna ya Kuchagua Bastola Ndogo ya Kubeba Mfukoni

Kijana mmoja anayenunua mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya samaki, pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, alinijia asubuhi akiwa ameshakata shauri. "Shikamoo mzee. Mimi nataka ile ndogo kabisa, isiyoonekana." Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwuliza siku za kazi huwa anavaa suruali gani. Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya akajibiwa habari za mvua.

Nilitunza ghala la silaha kwa miaka 19, na tangu nistaafu nafundisha wenye leseni kulenga shabaha. Kosa ninaloliona kila mwaka ni hilo hilo: mtu anachagua bastola kwa macho, ikiwa imelala kwenye kabati la kioo, wakati bastola hiyo itaishi gizani, mfukoni, pamoja na jasho lake. Kwa hiyo mwongozo wangu unaanzia kwenye mfuko.

Hatua ya 1: Karatasi, na swali la fedha

Hapa sitakawia. Tanzania silaha ya raia inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa wako na kupanda hadi polisi, na leseni inabeba namba ya silaha yako, si ya mtu mwingine. Usinunue ya mkononi, hata kama muuzaji ni shemeji yako na anaapa kwa mama yake. Usikope, usikopeshe.

Kabla ya kupoteza nauli, jiulize unalinda nini. Ukiniambia unabeba fedha taslimu kutoka mwaloni hadi benki, nitakuuliza ni kiasi gani kati ya hizo kingeweza kulipwa kwa simu. Wako waliokaa, wakapiga hesabu, wakapunguza fedha za mkononi na wazo la bastola likafa lenyewe. Ada yao sikuipata, ila nililala vizuri.

Hatua ya 2: Beba mti kwa wiki mbili

Nenda kwa fundi seremala, mwambie akukatie vipande vitatu vya mbao. Cha kwanza urefu sentimita 13, kimo 9, unene 2: hiyo ni Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008, gramu kama 270 ikiwa tupu. Cha pili urefu sentimita 16, kimo 11, na katikati unene wa 3.3 kwa ajili ya silinda, lile gurudumu linalobeba risasi na kuzunguka: hiyo ni rivolva ndogo ya risasi tano, mfano wa Smith & Wesson 642, gramu kama 410. Cha tatu urefu 15, kimo 11, unene 2.7: SIG P365 ya mwaka 2018, gramu 505 kabla hujaijaza risasi 10 za magazini, kile kibebeo kinachoingia ndani ya mpini.

Mbao peke yake ni nyepesi, itakudanganya. Toboa matundu, shindilia humo risasi za nyavu, zile wavuvi wanazofunga chini ya wavu uzame, mpaka mizani ya duka isome uzito unaotakiwa. Lugha yetu ina utani wake hapo: risasi ya wavu na risasi ya bastola ni neno moja kwa sababu ni madini yale yale. Piga msasa kingo, usije ukachana mfuko, kisha vaa.

Vaa kweli. Panda nayo daladala ya asubuhi kutoka Igoma. Panda zile ngazi za mawe za Mabatini. Kaa kwenye benchi la mama lishe, ule ugali na sato, halafu usimame ghafla kama mtu aliyeitwa. Nenda nayo ibadani. Mambo yatajionyesha yenyewe. Suruali ya jinzi inayobana itachora umbo la kipande utadhani umekipiga picha. Suruali ya kitambaa chepesi itaning'inia upande mmoja mpaka mkanda uhame. Mfuko wa chini wa koti la suti ya Kaunda ni mpana, unameza hata kile cha tatu, lakini kila ukiketi unagonga kiti cha mbao ko! na watu wanageuka. Kanzu ndiyo isijaribiwe kabisa, mfuko wake unayumba kama kengele.

Sasa angalia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukiwa umesimama, mdomo wa bastola ya mfuko wa mbele unatazama ardhi. Ukiketi, paja linalala, na mdomo unatazama mbele. Nyuma ya bodaboda, mbele yako kuna nyonga ya dereva. Kwenye daladala, kuna mgongo wa mama wa watu. Kipande cha mti hakina madhara, lakini kila ukiketi nacho kumbuka kitakachokuja baadaye. Ukishaliona hilo, mazungumzo ya triga (kifyatulio) na holsta (ala ya bastola) huko mbele utayasikiliza kwa masikio yote mawili.

Yule kijana wa mabondo alirudi siku ya kumi na mbili. Kipande cha tatu alikuwa amekiacha nyumbani tangu siku ya pili. "Mzee, hiki kinanivua suruali."

Hatua ya 3: Zijue tisa zote

Watu wanaingia dukani na kusema "nataka tisa" kana kwamba tisa ni moja. Kwa bastola ndogo utakutana na tisa tatu, na hazibadilishani.

Ya kwanza ni tisa fupi, 9×17, yaani unene wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita. Aliyeibuni ni Mmarekani John Browning, ikaingia sokoni mwaka 1908. Kwenye boksi inaweza kuandikwa .380 ACP, au 9 mm Kurz, au 9 mm Browning Court. Usibabaike, ni kitu kimoja. Ruger LCP inakula hii, na Glock 42 pia.

Ya pili ni tisa ndefu ya kawaida, 9×19, iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902. Ndiyo iliyosambaa duniani kuliko zote. Ina nguvu zaidi ya tisa fupi, na ndiyo ya SIG P365.

Ya tatu ni 9×18 ya Makarov, silaha iliyoingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Hii inaitwa tisa kwa jina tu, maana kichwa cha risasi yake ni kinene kidogo, milimita 9.27, wakati wenzake wako karibu na 9.0. Ukitupa risasi za aina hizi tatu kwenye droo moja, siku yenye haraka utachukua isiyo yake. Kila aina na boksi lake, na kwenye boksi andika kwa kalamu ya wino mzito.

Chini ya hizo kuna 7.65 na 6.35, nazo za Browning, ndogo na za upole mkononi. Walther PPK ya mwaka 1931 katika 7.65 ni bastola ya chuma yenye karibu gramu 600, na kwa sababu ya uzito huo hairuki sana. Ninaipenda kuliko ninavyopaswa. Halafu kuna .38 Special ya rivolva, ya mwaka 1898, ambayo bado inafanya kazi yake.

Kuhusu ipi ina nguvu ya kutosha, vijana wanaweza kubishana hadi jua lizame nyuma ya mawe ya Bismarck kule ziwani. Mimi nauliza swali la muuza duka: risasi zipi unazipata Mwanza mwezi huu na mwezi ujao? Bastola nzuri yenye risasi za kuagiza na kusubiri ni bastola usiyofanyia mazoezi.

Hatua ya 4: Rivolva au ya magazini

Mpe mwanafunzi bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, mwambie aikoki. Hapo ndipo wengi wanashangaa: ndogo ndiyo ngumu. Slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, ikiwa fupi haina pa kushika na springi yake ni kali. Mwenye vidole vyenye baridi yabisi, au mama mwenye mikono myepesi, anaweza kushindwa kabisa. Beretta 21A imelitatua hilo kwa akili, mtutu wake unainuka kwa kusukuma kiwiko kidogo cha pembeni, unaweka risasi ya kwanza moja kwa moja bila kuvuta slaidi. Rivolva nayo haina slaidi ya kuvuta.

Rivolva ninayoisifia kwa mfuko ni ile ambayo nyundo yake imefichwa ndani, kama hiyo 642. Hakuna kitu cha kunasa kwenye kitambaa wakati wa kuitoa. Triga yake inahitaji nguvu ya kama kilo 5, sawa na kuinua dumu la maji la lita tano kwa kidole kimoja. Watu wanalalamika, mimi nashukuru, kwa sababu triga ya namna hiyo haivutwi kwa bahati mbaya. Hasara yake ni unene wa silinda na risasi tano tu.

Ya magazini ni bapa, inafichika kama pochi. Ila kagua mambo mawili. Triga ikiwa fupi na laini, usiibebe mfukoni bila holsta ngumu iliyoifunika yote. Na ikiwa ni ya zamani, hasa zile 6.35 za mababu, uliza kama ina kizuizi cha pini, kinachozuia pini isigonge risasi mpaka triga ivutwe. Nyingi hazina. Ikianguka sakafuni ikiwa na risasi kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inaposubiri kufyatuliwa, inaweza kufyatuka yenyewe. Kama jibu halieleweki, iache hapo hapo dukani, hata ikiwa na mpini wa pembe.

Suala la kubeba risasi kwenye chemba au chemba tupu: mwanafunzi wangu anaanza na chemba tupu mpaka mikono yake inisadikishe. Wakufunzi wengine wanabisha. Wabishe.

Hatua ya 5: Piga kabla ya kulipa

Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, chini ya mkufunzi, omba kupiga aina ile ile unayotaka. Weka karatasi ya ukubwa wa daftari mita 5, kisha mita 7. Piga taratibu risasi 5, pumzika, rudia hadi 50. Ya gramu 270 itakuchapa kiganjani, na ifikapo risasi ya thelathini utaanza kufumba macho kabla ya mlio. Hiyo si aibu. Bastola nyepesi inarudisha teke lote kwako, na mtutu mfupi unaziweka alama za kulengea karibu karibu, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye karatasi. Hesabu zilizoingia. Kama ndogo imekupa 31 na kubwa kidogo imekupa 46, rudi kwenye vipande vyako vya mbao uone kama mfuko unaweza kuvumilia ile kubwa kidogo. Na kidole kikae nje ya triga mpaka shabaha iwe mbele yako.

Hatua ya 6: Holsta, na fundi wangu wa viatu

Holsta ya mfukoni ina kazi tatu: kufunika triga, kuvunja umbo lisichorwe nje, na kubaki mfukoni bastola inapotoka. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifedhehesha. Nilimpa fundi viatu ngozi nzuri, akanishonea kitu laini, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Siku ya kuwaonyesha wanafunzi nikachomoa kwa madaha, na holsta nzima ikaja pamoja na bastola, nimesimama nimelenga karatasi kwa mfuko wa ngozi. Walicheka, na haki yao.

Dawa yake ni rahisi: mwambie fundi ageuze ngozi, upande wenye kukwaruza ukae nje ushike kitambaa, na aache sikio moja linalojitokeza kwa nyuma ili linase kwenye kona ya mfuko. Amshonee mkeo mkoba kwa ngozi iliyobaki. Kipimo achukue kwenye kile kipande chako cha mbao, maana silaha yenyewe haina sababu ya kulala kwa fundi.

Mfuko huo sasa ni wa bastola tu. Funguo, sarafu, pipi za watoto, simu, vyote vihamie upande wa pili. Ufunguo mmoja ukiingia kwenye nafasi ya triga unatosha.

Hatua ya 7: Jasho na hewa ya ziwa

Mfuko una jasho, na jasho lina chumvi. Ngozi inanyonya unyevu, kwa hiyo usiku itoe bastola kwenye holsta, ifute, ifungie kwenye sanduku la chuma lililopigwa bolti ukutani, ufunguo usiwe mahali mtoto anapopajua. Mara moja kwa wiki iondoe risasi, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, ipake mafuta kidogo sana. Ukizidisha, mafuta yanashikana na pamba ya mfuko, unapata uji mweusi ndani ya mitambo.

Kijana wa mabondo hatimaye alichukua rivolva. Jumamosi iliyopita alikuja nayo, akaniambia anaifuta kila siku. Nikafungua silinda, nikaitoa risasi, na nyuma ya silinda nikakuta gamba la sangara, limekauka, linang'aa kama kioo. Nikampa mswaki wa zamani na kitambaa, akakaa chini kwenye gogo akaanza kusugua.