Somo: Kufungua difu ya monsta traki ya rimoti, kuipanga na kuijaza mafuta upya

Swali ni lilelile kila wiki: gari linalia kra-kra ukivuta triga, au gurudumu moja linazunguka bure huku mwenzake limesimama. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo ni la Arrma Kraton 6S na magari mengine ya 1/8 (kipimo cha ukubwa wa modeli) yenye difu tatu, yaani vikombe vya gia vinavyogawa nguvu: mbele, kati na nyuma. Ya 1/10 yanafuata utaratibu huohuo, vipimo tu ndivyo tofauti.

Sikiliza kabla ya kufungua. Kra-kra wakati wa kuvuta ni kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), meno yanarukana. Gurudumu kuzunguka bure bila kelele ni mafuta yamekwisha. La kwanza linataka gia na shimu (washa nyembamba za kusogeza gia), la pili linataka oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) na mafuta. Wengi hununua kisichohitajika.

Vifaa: aleni za 2 na 2.5 mm zenye ncha nzima, mafuta ya silikoni ya difu, gasketi na oringi mpya, shimu za 13x16 mm (unene 0.1 na 0.2), grisi, spiriti, kitambaa kisichotoa nyuzi.

1. Toa betri. Osha gari kabla ya kufungua chochote.

2. Piga picha ya difu ikiwa bado imekaa kwenye nyumba yake. Picha ionyeshe kraunwili iko kulia au kushoto kwa pinioni. Usiruke hatua hii, sababu iko hatua ya 7.

3. Toa difu, fungua skrubu nne za kraunwili, mwaga mafuta. Osha kila kitu kwa spiriti.

4. Kagua. Pini za msalaba zikiwa na kishimo pale spaida (gia ndogo za ndani ya difu) zinapokaa, badilisha. Washa za nyuma ya gia zikikonda, badilisha. Zungusha beringi kwa kidole: ikikwaruza, itupe, usiipake grisi ukijidanganya. Kraunwili ikiliwa, badilisha na pinioni pamoja. Zimelika kwa pamoja, na jipya juu ya kuukuu halidumu.

5. Paka oringi mafuta yaleyale ya difu, panga gia, kisha jaza hadi mafuta yafunike pini ya msalaba, yasifike ukingoni. Ukijaza pomoni yatapanuka yakipata moto na kutokea kwenye oringi, kisha utailaumu oringi. Zungusha gia polepole, acha viputo vya hewa vipande juu, ongeza kidogo. Mafuta ya 10,000 hutulia upesi (namba ni uzito wa mafuta, kubwa ndiyo mazito). Ya 100,000 yaache usiku kucha. Weka gasketi, kaza skrubu kwa mshazari, robo mzunguko kwa zamu. Kikombe kikiwa cha plastiki, usitie gundi ya bolti: baadhi ya gundi hizo huipasua.

6. Shimu. Hapa ndipo difu nyingi zinapokufa, si kwenye mafuta. Anza na pinioni: ishike, ivute na kuisukuma. Ikitembea mbele na nyuma, weka shimu nyuma yake kwanza, maana ukipanga kraunwili juu ya pinioni inayotembea unapima kitu kisichotulia. Sasa kraunwili. Shimu inakaa kati ya beringi na nyumba, upande wa mgongo wa kraunwili, yaani upande usio na meno, ili meno yasukumwe kuelekea pinioni. Ukiiweka upande wa pili unaitenga kraunwili na pinioni. Meno yatashikana kwa ncha tu na yatanyolewa siku ya kwanza. Ikihitajika shimu, anza na 0.1. Funga nyumba kwa bolti zote, kwa sababu nyumba iliyo wazi inadanganya kidole. Zungusha pinioni hadi kraunwili imalize mzunguko mzima. Unatafuta kucheza kidogo sana, kule kunakosikika kidoleni tu. Ikiwa nzito mahali pamoja na nyepesi kwingine, pima pale penye uzito. Ikikaza, punguza: kraunwili iliyobana hula beringi na kupasha mota moto.

7. Rudisha difu kama ilivyo kwenye picha. Ukiigeuza, magurudumu ya ekseli hiyo yatazunguka kinyume na ya ekseli nyingine, na ukivuta triga difu ya mbele na ya nyuma zitapigana. Kabla ya kufunga magurudumu, zungusha shafti ya kati kwa mkono: mbele na nyuma ziende upande mmoja.

Mafuta ya kuanzia kwa ardhi mchanganyiko: mbele 10,000, kati 30,000, nyuma 10,000.

MASWALI

Tope_Tu: Mkuu nimefuata yote bado inalia. Tatizo nini?
Jibu: Difu ipi? Umeweka shimu ngapi, upande gani? Bila hayo sina cha kukujibu. Rudi hatua ya 6.

Tope_Tu: Ya nyuma. Shimu sikuweka, sikuwa nazo.
Jibu: Basi hukufuata yote.

Fundi_Chipu: Nimeweka mafuta ya shoki ya 500, yote si silikoni?
Jibu: Ni silikoni, lakini 500 kwenye difu ni sawa na kutoweka kitu. Mwaga.

Gurudumu4: Mimi sijawahi kuweka shimu na gari linatembea.
Jibu: Linalotoka kiwandani likiwa sawa halihitaji. Nimesema upime, sijasema ujaze.

Bibi_Gia: Samahani fundi, kwa nini mafuta mazito kati yanainua pua ya gari?
Jibu: Swali zuri, dada. Difu ya kati hupeleka nguvu kule kusiko na upinzani. Ukivuta ghafla uzito unahamia nyuma, mbele inakuwa nyepesi, nguvu inakimbilia mbele na matairi ya mbele yanavimba. Mafuta mazito yanazuia ukimbiaji huo, nyuma inapata nguvu yake, na pua inapanda. Ukitaka gari lisipinduke ovyo, shuka namba ya mafuta. Ukitaka lisimame kwa magurudumu ya nyuma, panda hadi 100,000 au zaidi.

Mchanga_Muscat: Huku tunakimbiza kwenye mchanga laini. Oringi zinakwisha haraka.
Jibu: Chembe huingia pale shafti inapotoka, zinakula shafti na oringi pamoja. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukisikia mfereji, badilisha shafti, oringi mpya peke yake itavuja tena. Nje ya beringi paka grisi nyembamba sana, ikizidi inakusanya mchanga.

Bibi_Gia: Na nitajuaje mbele na nyuma zimepata mafuta sawa?
Jibu: Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima difu tupu, pima ikiwa imejaa, andika tofauti. Safari ijayo utajaza kwa namba, si kwa macho.

Tope_Tu: Shimu zimefika, nimeweka 0.2, kelele imekwisha. Sikusema, mwanzo pinioni ilikuwa imevunjika. Ilisababishwa na nini?
Jibu: Safi. Mara nyingi ni kutua kutoka hewani triga ikiwa imevutwa: magurudumu yanasimamishwa ghafla na ardhi, mota inaendelea, pinioni ndiyo inayolipa. Achia triga kabla ya kugusa chini, vuta tena matairi yote yakishatua.