Mkulima wa mwani, usisubiri bahari ipoe

Kila maji yanapopoa kidogo, hakosi mtu pwani wa kusema: "Haya, mambo yamerudi, tupande kotonii palepale." Nimeyasikia mara nyingi kwa akina mama wa mashariki ya Unguja, na siwalaumu. Kotonii na spinosum ni aina mbili za mwani tunaolima, na kotonii ina bei zaidi. Zote mbili zilitoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mtu alikuwa akichoma vigingi vyake mahali anapofika kwa miguu, na mwani ukashika. Kuanzia miaka ya 2000, maji yalipozidi joto, kotonii ikawa inakufa mikononi mwa watu.

Bahari ina vipindi vyake, na mkulima afadhali avijue kama anavyojua kusi na kaskazi. El Niño hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7. Joto lake huanzia Pasifiki na mara nyingi hufika kileleni karibu na Desemba. Bahari ya Hindi hufuata miezi michache baadaye, Februari hadi Aprili, wakati kaskazi imeshayapasha maji. Kuna pia Dipoli ya Bahari ya Hindi: ikiwa chanya, maji ya upande wetu hupata joto huku ya Sumatra yakipoa, nayo hukolea Septemba hadi Novemba. Mwaka 1997 viwili hivi vilikuja pamoja, na mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi yakafa. Mwaka 2019 Dipoli ilikuwa kali hata bila El Niño kubwa. Waliolowa na vuli ile hawajaisahau.

Vipindi hivi vinafanana na kujaa na kupwa. Joto linahama, linapanda, linashuka. Ila kiwango chenyewe cha joto kimepanda: kati ya 1951 na 2015, joto la maji ya juu ya Bahari ya Hindi liliongezeka kwa takriban nyuzi 1, kwa sababu ya hewa ukaa tunayoijaza angani. Kipindi kikishuka, maji hupoa kweli, lakini hayashuki hadi pale yalipokuwa mama zetu walipoanza. Kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 tulikuwa na La Niña, kinyume cha El Niño, Pasifiki inapopoa, miaka mitatu mfululizo. Ikafuata El Niño ya 2023/24, matumbawe yakapauka tena. Aliyeikata kauli yake kwa ile miaka mitatu alidanganyika.

Wakati wa kuogopa zaidi ni bamvua la Machi. Kwetu maji ya bamvua hupwa sana karibu saa nne asubuhi, jua limeshakolea, na mwani unabaki kwenye maji ya kifundoni yanayochoma mguu. Shika tawi ulitazame. Ncha zikipauka na kuwa laini, na shina likikatika kama mshumaa ukilikunja, ugonjwa umeshaingia. Shina lile halitaungana tena, na mkondo utaibeba mbegu yako, yaani vile vipande vya mwani ulivyofunga kwenye kamba, usiku.

Kwa hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza El Niño au Dipoli chanya, usingoje Machi. Hamisha mbegu mapema kwenye mkondo, mahali ambapo maji yakipwa kabisa bado yanafika gotini au zaidi na hayasimami. Kotonii iache kabisa sehemu za kina kifupi. Huko panda spinosum, ni vumilivu zaidi. Kamba iliyoanza kupauka ivune siku hiyohiyo, hata kama wiki sita hazijatimia. Utapoteza uzito, lakini ni afadhali kuliko kuokota vipande ufukweni. Na usichukue mbegu kwenye kamba iliyougua, hata tawi likionekana zima.

La kudumu ni kwenda kwenye kina: kamba zinazoelea kwa maboya na nanga, au chelezo. Hapa nasema wazi, ushauri huu hutolewa kirahisi mno. Wakulima wengi ni wanawake, wengi hawajui kuogelea na hawana chombo. Jiungeni kikundi, mtafute mashua moja na jaketi za kuokolea kwanza; kamba zije baadaye.

Kisha nunueni kipimajoto na daftari. Pimeni mahali pamoja, maji yakiwa yamepwa, na mlinganishe bamvua la Machi na bamvua la Machi lililopita, si Machi na Agosti ya kusi. Pembeni andikeni kama ni mwaka wa El Niño, La Niña au wa kawaida. Mwaka wa La Niña ukisoma joto lilelile mlilolipata katika mwaka wa kawaida zamani, hamisheni vigingi hata kama mwani bado unapendeza.